Porsche Haikushinda Safari

Kuna watu huko California, Uingereza na Ujerumani ambao wakishanunua Porsche 911 ya zamani, kazi ya kwanza wanayoifanya ni kuiinua. Gari ambalo wahandisi waliumiza vichwa kulishusha karibu na lami, wao wanalipandisha. Wanafunga springi ndefu, tairi zenye meno, sahani nene ya chuma chini ya injini, halafu taa nne kubwa juu ya bampa la mbele kama macho ya bundi. Likishakamilika, wanalipa jina. Jina lenyewe ni safari. Neno letu kabisa, lile lile unaloambiwa stejini ukipanda basi la usiku kwenda Mombasa. Kwa wapenzi wa magari wa huko limegeuka hata kitenzi: 911 siku hizi inaweza "kusafariwa", na ikishasafariwa vizuri bei yake inapanda.

Mtindo umekubalika hadi viwandani. Mwaka 2022 Porsche wenyewe walitoa 911 Dakar, gari jipya lililoinuliwa hivyo hivyo, wakaahidi kutengeneza 2,500 tu. Lamborghini nao hawakutaka kuachwa, wakaleta Huracán Sterrato. Lakini ukiufuata uzi huu nyuma, miaka inakurudisha hadi Kenya, msimu wa mvua za masika mwaka 1978, kwa 911 mbili nyeupe zenye mistari ya Martini ubavuni. Hizo ndizo mama wa magari yote haya. Picha zake zimechapishwa vitabuni, zimewekwa kwenye fulana, zimetengenezewa vigari vya watoto ambavyo watu wazima ndio wanaovinunua.

Kitu ambacho hakisemwi sana ni kwamba zote mbili zilishindwa.

Si mwaka huo tu. Porsche ilikuja Safari Rally mwaka 1971 na timu ya kiwanda, ikashindwa. Mwaka 1972 ikawa ya pili. Mwaka 1974, ya pili tena. Mwaka 1978, ya pili kwa mara nyingine. Ilipigwa na Datsun, ikapigwa na Ford, ikapigwa na Mitsubishi, na mwisho ikapigwa na Peugeot 504, jina ambalo kwa familia nyingi za Kenya ni jina la gari la kwenda ushago. Mimi nadhani hapo ndipo utamu wa hadithi hii ulipo. Dunia nzima inalipenda gari kwa sababu ya mbio ambazo gari hilo halikuzishinda, na waliolishinda wengi wamesahaulika.

Ili kuelewa, inabidi turudi mwanzo, na mwanzo wenyewe si msafi.

Mbio hizi zilianza mwisho wa Mei 1953 zikiitwa Coronation Safari, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza. Kenya ilikuwa chini ya Hali ya Hatari tangu Oktoba 1952. Jomo Kenyatta alikuwa amehukumiwa kifungo yapata wiki saba tu kabla ya gari la kwanza kuondoka. Walowezi na wafanyabiashara wakazunguka Kenya, Uganda na Tanganyika kwa raha zao, kwenye barabara ambazo kwa wakazi wengi wa nchi hizo zilikuwa za kutembelewa kwa miguu. Hilo liko pale, na mtu akikusimulia Safari ya zamani kama enzi ya dhahabu bila kuligusa, anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Lakini waandaaji wale waliweka kanuni moja ambayo matokeo yake yalikuja kuwashinda wao wenyewe. Magari yalitakiwa yawe kama yanavyouzwa dukani, na makundi yalipangwa kwa bei. Si kwa ukubwa wa injini kama ilivyokuwa Ulaya, bali kwa shilingi. Kwa hivyo tangu siku ya kwanza Safari ilikuwa mbio za kuuliza swali la mnunuzi: kwa hela hizi, gari gani litanifikisha?

Jibu la kwanza lilikuwa Volkswagen Beetle. Ile kobe. Beetle ya Alan Dix na Johnny Larsen ndiyo inayohesabiwa kuwa mshindi wa 1953. Mwaka uliofuata ikashinda Beetle nyingine, ya Vic Preston na D. P. Marwaha. Ikashinda tena 1957, na tena 1962. Haikuwa na mbio za kutisha, lakini injini yake ilikaa nyuma, juu ya magurudumu yanayovuta, na kwenye matope uzito huo unasaidia tairi kuuma chini. Tena injini ilipozwa na hewa, hivyo hapakuwa na radieta ya kutobolewa na jiwe katikati ya nyika ya Taru.

Mtu aliyeibuni Beetle ni Ferdinand Porsche. Mwanawe, Ferry, akachukua wazo lile lile, injini nyuma na hewa ya kupoza, akatengeneza gari la spoti lililoitwa 356. Mjukuu, Ferdinand Alexander, ndiye aliyechora umbo la gari lililofuata, ambalo lilionyeshwa Frankfurt mwaka 1963 kwa jina la 901. Hapo Peugeot wakaingilia kati. Walikuwa na desturi ya kuyapa magari yao namba tatu zenye sifuri katikati, 203, 403, 404, na walisema kwamba Ufaransa haki ya namba hizo ni yao. Porsche wakaona isiwe taabu, wakaitoa sifuri, wakaweka moja. Ndiyo 911. Tuliweke hili jambo la Peugeot pembeni kidogo, tutalirudia.

Sasa, Safari yenyewe ilikuwa ngumu kiasi gani? Vijana tuliokuja kuiona Naivasha tangu 2021, na helikopta juu na Subaru za mashabiki zikinguruma kwenye foleni hadi Limuru, tunaona vipande vifupi vilivyofungwa, dakika kadhaa za kasi, halafu gari linapumzika. Zamani haikuwa hivyo. Ilikuwa siku nne au tano, maelfu ya kilomita, mchana na usiku, kwenye barabara ambazo hazikufungwa. Ukipinda kona unakutana na basi, au ng'ombe, au mama na kuni. Kila kituo kilikuwa na muda wake, na kila dakika uliyochelewa ilikuwa pointi dhidi yako. Mwenye pointi chache ndiye mshindi. Na mbio zilifanywa wakati wa Pasaka, yaani masika, wakati udongo mweusi unaganda kwenye tairi kama ugali kwenye mwiko. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakarudi 7. Mwaka 1968 yakarudi 7 tena. Miaka yote miwili mshindi alikuwa Nick Nowicki na Peugeot 404.

Katika mazingira hayo ndipo Joginder Singh, fundi aliyezaliwa Kericho, alipochukua Volvo PV544 iliyokwisha kutumika kwenye Safari ya 1964, gari la mtumba kwa lugha yetu, akalitengeneza mwenyewe na kushinda nalo 1965 akiwa na nduguye Jaswant. Aliyemfuata alifika zaidi ya saa moja baadaye. Dunia ilimwita Flying Sikh. Hapa kwetu jina lake likawa jina la kila dereva anayekanyaga mafuta bila huruma, na bado utasikia mzee kwenye matatu akiuliza kama dereva anajiona Joginder.

Kwa hivyo kufikia mwisho wa miaka ya 1960 kulikuwa na imani mbili. Ya kwanza: Safari hushindwa na wageni, mwenyeji ndiye anayezijua njia. Ya pili: Safari si ya magari ya spoti. Gari la spoti ni la chini, jembamba, la lami. Mletee Mkenya sedani yenye tumbo juu na springi za kazi.

Imani ya pili ilivunjwa kwanza, na aliyeivunja ni Mjapani.

Datsun 240Z ilitoka Oktoba 1969. Kwao Japani iliitwa Fairlady Z, jina ambalo Yutaka Katayama, mkuu wa Nissan kule Marekani, hakutaka kulisikia likiuzwa kwa wateja wake; ndiyo sababu huko nje ikawa namba na herufi tu. Boneti ndefu, kiuno cha nyuma kilichokatwa, viti viwili, injini ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, ujazo wa lita 2.4, kabureta mbili. Ukiitazama pembeni unaona Jaguar na Ferrari ndani yake, lakini bei haikuwa ya Jaguar wala ya Ferrari. Marekani iliuzwa kwa dola 3,526. Porsche 911 ya bei nafuu ilikaribia mara mbili ya hiyo. Ni gari la spoti ambalo mwalimu mwenye mkopo angeweza kuliota bila kuonekana mwendawazimu. Kwa maoni yangu hakuna gari zuri kuliko hili lililowahi kupita Mlolongo, na sitaki ubishi.

Uzuri wake mwingine haukuonekana kwa macho. Injini ile ilikuwa ndugu mkubwa wa injini ya silinda nne iliyokuwa ndani ya Datsun 1600 SSS, gari ambalo Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nalo Safari ya 1970. Chuma kizito, kazi rahisi, kitu ambacho fundi anaweza kukielewa chini ya mti. Datsun hawakuleta gari la maonyesho. Walileta gari la kazi lililovaa suti.

Pasaka ya 1971, Herrmann na Schüller wakaingia ndani ya 240Z na kushinda tena. Wa pili alikuwa kijana kutoka Uganda, Shekhar Mehta, naye ndani ya 240Z. Porsche mwaka huo walileta 911 tatu. Mbili hazikufika. Ya tatu, ya Mpolandi Sobiesław Zasada, ilimaliza ya tano, nyuma ya Peugeot 504 na Ford Escort.

Nataka kukaa kidogo kwa Mehta, kwa sababu ndiye ninayemfikiria kila nikiona 240Z kwenye picha. Alizaliwa Uganda mwaka 1945, katika familia ya Kihindi yenye mashamba makubwa. Alipomaliza wa pili mwaka 1971 alikuwa dereva wa Uganda. Agosti 1972 Idi Amin akatangaza kwamba Waasia waondoke, akawapa siku 90. Mehta akahamia Kenya. Mashindano yaliyofuata, Pasaka ya 1973, alikuwa tena ndani ya 240Z na mwelekezi wake Lofty Drews, na safari hii hakuwa na nchi ile aliyokuwa nayo miaka miwili nyuma. Mbio zikaisha, pointi zikahesabiwa: Mehta 406. Harry Källström wa Sweden, ndani ya Datsun nyingine, 406. Sare. Maelfu ya kilomita, na hakuna tofauti hata ya dakika moja.

Kanuni ilisema kwamba kukiwa na sare, ushindi ni wa yule aliyekwenda mbali zaidi tangu mwanzo kabla ya kupata pointi yake ya kwanza ya adhabu. Wakarudi kwenye makaratasi. Alikuwa Mehta. Baadaye angeshinda mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982, na jumla yake ikawa ushindi mara tano kwenye Safari. Lakini ule wa kwanza ulipatikana kwa kalamu, kwa mtu aliyekwisha kujifunza kwamba makaratasi yanaweza kukunyang'anya kila kitu pia.

Hata mbio zenyewe zilikuwa zinapungua. Uganda ilitoka njiani, kisha Tanzania, na kuanzia 1974 Safari ilibaki Kenya peke yake. Ile East African ya kwenye jina ikabaki kumbukumbu miaka mitatu kabla ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yenyewe kuvunjika.

Imani ya kwanza, ile ya mwenyeji, nayo ilikuwa imeanguka mwaka 1972, Hannu Mikkola wa Finland aliposhinda na Ford Escort. Nyuma yake wa pili alikuwa nani? Zasada, ndani ya 911 yake. Kwa hivyo hoja kwamba Porsche ilishindwa kwa sababu madereva wake walikuwa wageni haisimami.

Mwaka 1974 ndio unaouma zaidi wapenzi wa Porsche. Björn Waldegård, Msweden, alikuja na 911 Carrera RS na alikuwa akiongoza. Gari likakatika mfumo wa springi nyuma, muda ukaenda ukitengenezwa, na mbele akapita Joginder Singh ndani ya Mitsubishi Lancer ndogo, boksi la milango ambalo ukilikuta limeegeshwa nje ya kanisa huligeukii mara mbili. Joginder alishinda nalo, akashinda tena na Lancer 1976, na mwaka huo nafasi tatu za kwanza zote zilikuwa za Mitsubishi.

Halafu ikaja 1978. Porsche walijipanga kama jeshi. 911 SC mbili, moja ya Waldegård, nyingine ya Mkenya Vic Preston Junior. Ziliinuliwa hadi karibu sentimita 28 kutoka chini, zikafungwa sahani za chuma tumboni, na mbele zikawekewa vyuma vya kukinga wanyama. Masika ya mwaka huo yalikuwa ya kweli kweli. Ndizo picha ambazo leo ziko kwenye fulana: gari jeupe limechafuka hadi madirishani, linaruka kutoka kwenye dimbwi, na taa zinawaka mchana.

Preston akamaliza wa pili. Waldegård wa nne. Mshindi alikuwa Mfaransa Jean-Pierre Nicolas ndani ya Peugeot 504. Kampuni iliyoinyang'anya 911 jina lake la kwanza ndiyo iliyoifungia mlango wa Safari. Kusema haki, 504 ile haikuwa teksi ya Nakuru. Ilikuwa kupe ya milango miwili iliyochorwa na Pininfarina na ilikuwa na injini ya V6. Lakini ilikuwa 504, na kwa watu waliosimama kando ya barabara hilo lilitosha. Walikuwa na ya kwao nyumbani, au ya mjomba.

Na huyu Vic Preston Junior, aliyekosa ushindi na Porsche kwa hatua moja? Ni mtoto wa Vic Preston yule yule aliyeshinda mwaka 1954 na Beetle. Baba alishinda na babu wa 911. Mtoto akapewa mjukuu, tajiri zaidi, mwenye kasi zaidi, aliyezungukwa na mafundi na vipuri vya kiwanda, akawa wa pili. Ukiandika hivyo kwenye riwaya mhariri atakwambia punguza.

Porsche hawakuwa peke yao. Lancia Stratos, kigari kilichofanana na kabari, mwili wa Bertone na injini ya Ferrari mgongoni, kilitwaa ubingwa wa dunia mara tatu mfululizo, 1974 hadi 1976. Kilikuja Safari, na hakikushinda hata mara moja. Mwaka 1975 kilimaliza cha pili na cha tatu, nyuma ya Ove Andersson na sedani ya Peugeot 504. Hiyo ndiyo yenye milango minne, mzee, ya kubebea magunia.

Kwa nini basi tunayapenda haya yaliyoshindwa? Nimewahi kukaa na watu wa magari, wale wanaoweza kubishana kuhusu kabureta kwa muda wa kumaliza sahani mbili za nyama choma, na nimegundua hawapendi gari kwa sababu lilishinda. Wanalipenda kwa sababu lilikuwa mahali pasipolifaa. Sedani kwenye matope iko kazini. Gari la spoti kwenye matope limekuja kwa hiari yake, na ule ujinga una mvuto. 240Z ni kesi ya pekee kwa sababu ilikuwa mahali pasipoifaa na ikashinda.

Lakini mapenzi haya yana wenyewe, na hapo ndipo stori inaanza kukwaruza. 240Z iliyoshinda 1971 haiko Nairobi. Iko Japani, kwenye ghala la makumbusho la Nissan kule Zama, imetunzwa vizuri. 911 za zamani ambazo zamani ungeweza kuzinunua kwa bei ya pikapu sasa ni mali ya kuwekezwa. Na sisi, sheria ya kawaida hairuhusu kuingiza nchini gari lililotumika zaidi ya miaka minane, kwa hivyo kijana wa Umoja mwenye ndoto ya Fairlady Z ya 1972, hata akipata hela, anategemea zile chache zilizoingia zamani na kubaki. Zipo. Nyingine zimekaa chini ya turubai Karen au Nyali, nyingine zimekaa juu ya mawe Industrial Area, kutu ikizila polepole, mwenyewe akikataa kuuza kwa sababu siku moja atalitengeneza.

Wengine wametengeneza. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970 Nairobi imekuwa na Concours d'Elegance, mashindano yaliyoanzishwa na klabu ya wenye Alfa Romeo, na kwa miaka mingi yamefanyika kwenye uwanja wa farasi wa Ngong Road. Pale gari halikimbii. Waamuzi wanalichungulia injini, viti, buti, mpaka tumboni, na mwenye gari amekesha akisugua nati kwa mswaki. Unakuta Mercedes ya miaka ya 1950 kando ya Datsun pikapu, mzee wa miaka sabini kando ya msichana wa chuo aliyerithi Peugeot 404 ya guka. Wanaulizana vitu vile vile: hii kioo ulipata wapi, fundi wako wa rangi ni nani, bado yuko Kirinyaga Road? Kwa sababu mafundi nao wanazeeka. Kabureta mbili za silinda sita zikikosa kupatana, kompyuta ya kuchomeka haikusaidii. Unahitaji mtu anayezisikiliza kwa sikio, na wenye sikio hilo unaweza kuwahesabu.

Halafu kuna Safari Classic. Ilianza 2003, miaka 50 baada ya ile ya kwanza, kwa ajili ya magari ya kale tu, na mtindo wa zamani: siku nyingi, kilomita nyingi, vumbi la kutosha. Ni nzuri, nimesimama kando ya njia na kumeza vumbi hilo kwa furaha. Pia ni ghali kiasi kwamba 911 nyingi hutengenezwa Uingereza, huletwa kwa meli, hukimbia, na kurudishwa na meli. Watoto wanaokimbia kando yao wakipunga mikono ndio wale wale wa picha za 1978. Tofauti ni kwamba 1978 mshindi angeweza kuwa gari analoendesha mwalimu wao.

Huko ndiko Porsche ilikopata dawa ya kidonda chake. Waldegård, aliyekosa 1974 na 1978, baada ya 1978 alishinda Safari halisi mara tatu, zote kwa Toyota. Mwaka 2011 alirudi Kenya kwa Safari Classic akiwa na umri wa miaka 68, ndani ya 911, na mwelekezi wake alikuwa mwanawe Mathias. Wakashinda. Alifariki mwaka 2014. Mwaka 2015 Stig Blomqvist, Msweden mwingine, akashinda na 911, na tangu hapo orodha ya wanaoshiriki imejaa 911 hadi unafikiri ni mbio za kampuni moja.

Mwaka 2017, katikati ya Porsche zote hizo, aliyeshinda ni Carl Tundo, Mkenya. Alikuwa ndani ya Triumph TR7, gari la spoti la Kiingereza ambalo magazeti ya magari yamelicheka tangu lizaliwe, kwa umbo lake na kwa kuharibika kwake. Tundo aliliwekea V8, akalipeleka kwenye vumbi.